Tani Ishirini na Mbili

Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga.
Hawakusema umngoje hadi lini,
wala afanye nini yule aliye chini tayari.

Visvaldis alipiga simu Jumanne, saa moja asubuhi,
sauti kavu kama mtu anayeripoti mvua:
kijiko changu kimezama. Ndiyo, chote.
Hapana, mkono unaonekana.

Tulipofika kinamasi cha Melnupe, kweli,
mkono ulikuwa juu, umekunjwa kiwikoni,
kama wa mtoto darasani anayeomba ruhusa
na mwalimu hamtazami.
Tani ishirini na mbili. Mkopo wa miaka saba;
amelipa miwili.

Mboji si udongo. Lielewe hilo
kabla hujafunga mnyororo wowote.
Ni majani yaliyokufa yakakataa kuoza,
karne juu ya karne, yamelowa, meusi.
Leo hukubeba, na kesho hukubeba,
keshokutwa hukumeza bila kutafuna.
Tena hakushiki kwa uzito wako: hukunyonya.
Ndiyo maana hatukuanza kwa kuvuta.
Tulianza kwa makoleo, watu wazima watatu,
tukichimba kando ya mnyororo wa kushoto
ili hewa ipite chini yake,
hewa tu, kitu ambacho Latvia nzima hakilipiwi.
Mchimba kisima huingia mwenyewe, nilimwambia Laimdota.
Hakucheka. Maji ya Oktoba yalikuwa yamemfika kiunoni.

Magogo arobaini ya msonobari tukayalaza yawe sakafu.
Saa nane mchana tukawasha winchi.

Uzi hukatikia pembamba.
Waya wa chuma hukatikia pale ulipopaamini.
Sikuona kitu. Nilisikia mluzi,
na mti mchanga wa gome jeupe,
mnene kama paja la mtu,
ukabaki nusu.
Nusu ya juu ilisita hewani, kana kwamba inafikiri,
halafu ikalala.

Laimdota alikuwa amesimama pale.
Dakika moja kabla.
Alikuwa ameenda garini kutafuta glavu kavu.
Akarudi nazo, moja nyeupe, moja ya njano,
akautazama mti, akazivaa,
akazivua, akazivaa tena.
Visvaldis akaanza kucheka. Kisha akazunguka nyuma ya lori
na tukamsikia akitapika.
Juu yetu korongo walipita kwenda kusini
wakipiga kelele za watu wasiodaiwa na benki.

Usiku ule nilihesabu badala ya kulala:
urefu wa waya, umbali wa glavu.
Miaka kumi na tisa natoa mashine shimoni.
Watu nimewatoa wawili.
Mmoja bado hunitumia kadi za Krismasi.

Alhamisi Ojārs alileta katapila kutoka machimbo ya changarawe.
Waya mpya. Juu yake tukatundika mablanketi yaliyolowa
ili ukikatika uanguke, usiruke.
Kila mtu mbali, mara mbili ya urefu wake;
hatua nilizipima mwenyewe, nikazirudia.
Taratibu. Taratibu.
Kinamasi kikavuta kwake, sisi kwetu,
kama ndugu wanaogombea shamba la marehemu,
mpaka ikatoka sauti, sitaieleza vizuri,
kama buti la jitu likiagana na tope,
na kijiko kikaja, kikichuruzika weusi,
vyura wawili kwenye kiti cha dereva.

Nyuma yake shimo lilijaa maji,
likatulia, likang'aa,
kama lisilowahi kula kitu.

Visvaldis akapanda kabla sijamruhusu.
Akapapasa chini ya kiti, akatoa kopo la bati;
kifuniko hakikuwa kimepitisha hata tone.
Mkate mweusi na jibini, siku mbili chini ya maji.
Akaukata vipande vinne juu ya tairi.

Tukala wima, bila neno.
Laimdota hakuvua glavu.