Nakuchomoa, Mwanangu

Radi ilipoanza kuchana mbingu ya Wete
mama akatupia kanga kioo cha kabati,
akachomoa friji, akachomoa televisheni,
akatukataza kushika bomba.

Ule waya mwembamba wa dirishani
hakuna aliyeukumbuka.
Ndio uliomfungulia mgeni.

Kishindo kimoja. Taa nne za kijani
zikafumba pamoja,
na uso wa Nassor, aliye Maskati,
ukaganda kwenye simu, mdomo wazi:
“Mama, hiyo ni...”

Fundi Shaame alikifungua kisanduku,
akanusa, akatikisa kichwa.
Ndani mmekuwa mpeta,
kama karafuu iliyonyeshewa jamvini.
“Hii haina dawa, bibi.
Mpya itoke Unguja, kwa boti.”

Wiki tatu tuliishi na nusu ya swali.
Kumbe alitaka kuuliza: ni ngurumo?

Siku hizi wingu likitanda juu ya Fundo,
nguo zingali kambani,
mama hukimbilia kwanza dirishani.
“Nakuchomoa, mwanangu,” humwambia,
naye hucheka, huko kwenye jua lake.
“Haya, mama. Chomoa.”

Kisha hukaa na plagi mkononi,
akisikiliza bati,
mpaka tone la mwisho.