Tarehe Nyingine

Mhuri ni wangu.
Hati zote za madai za wilaya hupita chini ya mkono huu,
na wino hauna macho:
pwa, kwa mwenye haki; pwa, kwa mwenye hila.

Jumatatu kaja tena Mbaruku Semhando wa Barabara ya Kumi na Mbili,
shati limenyooka, bahasha kwapani.
Mwaka juzi alimshtaki fundi baiskeli:
mnyororo ulitafuna pindo la kanzu yake
mbele ya wakwe, akadai milioni tatu za fedheha.
Mwaka jana aliteleza kwenye ngazi ya muuza halua.
Ngazi ilikuwa kavu. Najua, nilikuwa dukani nikilamba vidole.
Muuza halua alilipa bila kubishana.
"Wakili ni ghali kuliko uongo," aliniambia,
akaenda kununua geti.

Safari hii ni nazi.
Ilianguka hatua mbili kutoka utosi wake,
nje ya ua wa Bi Mwanakheri, Chumbageni.
Nazi ilimkosa. Bi Mwanakheri hakukoswa.
Anadaiwa mshtuko, anadaiwa usingizi uliopotea,
anadaiwa (nimesoma kwa macho yangu)
"nazi yenyewe, iwe kielelezo."
Barua ya kwanza ilipofika, bibi aliukata mnazi.
Chekechea ya jirani nayo ikang'oa bembea,
kabla hajaanguka mtoto hata mmoja.

Nilicheka. Nikagonga: pwa.

Chini kabisa ya rundo lipo jalada jingine,
Shauri la Madai Namba Kumi na Saba, la miaka minne nyuma,
kona zimeliwa na mende.
Esteria Ntahondi, wa kambi ya mkonge njia ya Amboni.
Mashine ya kuchakata, ile korona, haikuwa na kinga,
na korona haijui jani liishie wapi, mkono uanzie wapi.
Kampuni ina mawakili watatu
wanaougua kwa zamu.

Babu yake aliletwa kutoka Buha, akapewa kipande,
jina likabaki njiani; akawa manamba.
Mjukuu yupo kwenye benchi langu tangu saa mbili,
anasubiri niite namba.

Wiki iliyopita tuliitwa semina, hoteli moja ya Raskazone.
Mtaalamu akasema kesi za uchokozi zimezidi:
tupandishe ada,
tuweke ukomo wa fidia,
mlango uwe mwembamba.
Tulipiga makofi. Nami nilipiga, nikimfikiria Mbaruku.
Njiani nikirudi, nikisukuma baiskeli iliyopata pancha,
nikawaza tena: mlango mwembamba
Mbaruku ataupita upande upande.
Ukifungwa kabisa, ana vidole kumi vya kuparamia dirisha.

Kuna jambo sijawaambia.
Mbaruku huwa hamsahau karani.
Leo kaniachia boksi la halua,
ya mtu yule yule, bado ina moto,
na jalada la nazi likapanda juu ya rundo.
Majalada hayana miguu.

Saa sita hakimu akaondoka, ana msiba Muheza.
Nazi ilikuwa imesikilizwa asubuhi nzima.
Nikamwita Esteria aweke dole gumba
kuthibitisha kwamba ameelezwa tarehe nyingine.
Fomu inasema: la kulia.
Alinitazama, akaufunua mkono kutoka kwenye khanga
polepole, kama mtu anayefungua barua
ambayo anajua imeandikwa nini.

Nikakisogeza kidau cha wino upande wake wa kushoto.
"Weka popote, mama," nikasema. "Popote."
Akaweka pembeni, nje ya mstari,
akashukuru. Alinishukuru!

Nilipoichukua fomu, vidole vyangu vilinata.
Kwenye kisanduku cha dole la kulia,
palipopaswa kuwa pake,
pamebaki alama yangu, ya mafuta na sukari.