Anwani ya Zamani

Usiku wa tatu huu, Brno, theluji imegoma kuyeyuka
na Zdislava Hrubá amegoma kulala.
Ndani ya chuma kimoja amepanga wageni tisa,
mashine pepe tisa, kila moja ikidhani nyumba nzima ni yake:
ina diski, ina saa, ina kumbukumbu,
haijui kwamba nyuma ya ukuta
kuna nyingine inayodhani hivyo hivyo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hapa mwenyeji haponi
asipojua nani kalala chumba gani.

Mgeni wa nne aliomba kadi ya mtandao, akapewa,
si mfano wake: yenyewe, na meno yake ya shaba.
Na kadi haibishi hodi.
Ikiambiwa andika, huandika kwenye kumbukumbu moja kwa moja,
haipiti kwa kichakataji, haimwamkii mtu.
Ndipo akawekwa bawabu,
kipande cha silikoni chenye daftari:
anwani hii, ukurasa ule.
Hiyo nyingine, hapana, rudi.

Miezi minane bawabu hakukosea.
Kisha mgeni wa saba, mtunza orodha ya maktaba,
akaanza kuota ndoto zisizo zake:
katikati ya majina ya vitabu
vipande vya mazungumzo ya mtu mwingine.
Baiti sitini na nne.
Zikapotea. Zikarudi Alhamisi.

Radovan alisema ni chuma kibovu.
Radovan husema hivyo hata kuhusu serikali.

Saa tatu usiku simu ikalia, namba asiyoijua.
Sauti ya mwanamume, Kicheki kilichopita Hải Phòng kwanza:
"Bibi Hrubá? Mimi Thuận, wa Křenová, ghorofa ya pili,
pale ulipokuwa ukikaa. Kifurushi kingine kimekuja.
Cha tatu sasa.
Samahani, cha kwanza tulikila."

Mama yake huyo, Boskovice, miaka themanini na moja.
Jamu ya plamu, mitungi miwili
iliyovikwa soksi za sufi isigongane.
Aliambiwa binti kahama. Aliandikiwa kwa herufi kubwa,
karatasi ikabandikwa kwenye jokofu.
Lakini mkono wa mama ukishika kalamu kule posta
hausomi jokofu.
Una daftari lake dogo, la karibu, la haraka,
lililokaririwa miaka kumi na sita.

Zdislava akakaa kitako.
"Daftari dogo," akasema, na hakuwa akimwambia Thuận.

Kwa maana hata bawabu ana kiganja.
Anwani anazoulizwa mara nyingi huziandika hapo,
asisumbuke kufungua daftari kila saa.
Nao walikuwa wamefuta daftarini,
wakampa mgeni wa saba chumba
kingali na joto la wa nne,
wasimwambie bawabu anawe mikono.

Mistari mitatu, kuhamisha mmoja juu ya mwingine:
futa kwenye daftari;
mwambie anawe, ngoja aseme nimenawa;
ndipo umpe mwingine ufunguo.
Ni lile *ngoja* lililokuwa halipo.

Jaribio likakimbia hadi alfajiri.
Mgeni wa saba akalala usingizi wake mwenyewe,
vitabu tu, vitabu, hadi herufi ya mwisho.

Asubuhi akapanda tramu hadi Křenová.
Thuận akafungua, nyuma yake mtoto
mwenye kidevu cha zambarau.
Mtungi mmoja Zdislava akauchukua, mmoja akauacha,
na hakuna aliyetaja haki.

Kwa mama hakuna amri ya kunawa.
Ameshajaribu amri, na karatasi, na kilio.
Akampigia akiwa kituoni, vidole vikifa ganzi:
"Jamu imefika, mama."
Haukuwa uongo. Ilikuwa imefika.
"Na pale kuna mtoto," akaongeza,
"miguu yake midogo, hivi."

Kimya.
Kisha, mbali, sauti ya droo ikivutwa,
mama akitafuta sufi.