Kibandiko cha Njano

Saa moja na robo jioni ndipo hutoka yule kijana
na kimashine chake cha bei, na sisi, ambao hatukuja kwa ajili yake,
tunakuwa tumeshafika.
Mimi husimama kwenye mafuta ya zeituni,
nasoma chupa kama mtu asomaye wosia.
Chupa hiyo zamani niliinunua bila kuisoma.

Northampton, Novemba, manyunyu
yasiyo na adabu ya kunyesha yakaisha.

Nina kazi. Niliseme hilo mapema.
Kazi yenye beji na kiti kinachozunguka:
napima usikivu wa watoto hospitalini, bonyeza ukisikia,
na mume wangu Shibu hukagua madaraja,
husema lipi litabeba na lipi limechoka.
Nyumba tunayo, vyumba vitatu,
yaani benki inayo, sisi tunaifagilia.
Mwezi Machi riba yetu ya miaka mitano iliisha muda,
ikaja barua ya heshima, Wapendwa,
na baada ya Wapendwa, pauni mia nne na kumi zaidi kila mwezi.
Shibu aliisoma amesimama. Akaketi.
Akaisoma tena ameketi.

Tangu hapo nimejua tabia za vitu:
birika likichemka, kile kisanduku cha umeme dirishani
hutoka kijani kikawa cha rangi ya chungwa,
na tanuri likiwaka, kikawa chekundu,
na Raya, miaka tisa, hupaza sauti kutoka sebuleni,
"Mama, nyekundu!"
kama mlinzi aliyeona vumbi la adui.
Kinanda aliacha Juni. Tulimwambia mwalimu amehama.
Mwalimu anakaa mtaa wa pili.

Dada yangu Mwanakombo kaandika kutoka Tanga:
paa la bafu limeanguka, wewe uliyeko kwenye neema.
Neema, dada, tumeizima vyumba viwili.
Sikumwandikia hivyo. Nilituma nusu,
nikasema nusu nyingine mtandao unasumbua.
Uongo wangu wote siku hizi una sababu nzuri.

Si umaskini. Umaskini naujua kwa sura,
tulilala nao chumba kimoja Ngamiani,
nisiuibie jina.
Lakini lugha yetu ina mwenye nacho, ina asiye nacho,
na baina yao imeacha pengo
kama la jino lililong'oka.
Mimi niitweje? Mwenye nacho mpaka tarehe ishirini na mbili?
Tabaka la kati, wanasema redioni.
Kati, sawa.
Kama kidole kati ya mlango na fremu yake.

Sasa kijana anabandika. Mkate wa mbegu, njano. Kuku, njano.
Na kutoka upande wa maua, bila haraka, mikono nyuma,
anakuja Bi. Ashdown, mwalimu mkuu wa Raya,
na koti lake zuri la sufu.
"Nimepita tu," anasema.
"Hata mimi," nasema. "Tuna wageni."
Na mikono yetu miwili, iliyosoma, yenye pete,
inakutana juu ya kuku mmoja.

Mchukue. La, wewe. La, nakusihi.
Adabu zetu zilipigana pale
mpaka bwana mmoja mwenye kofia, asiye na muda,
akapitisha mkono katikati, akamtwaa kuku, akaenda zake.
Bi. Ashdown ndiye aliyecheka kwanza.
Mkate tuligawana kwa macho: wangu huu, wako ule.

Mlangoni kuna kasha la kuwachangia wasio na chakula.
Kila Ijumaa tangu tuhamie hapa hutia kopo la maharage,
bila kuwaza, kama mtu agusaye kizingiti akiingia.
Leo kopo lilikaa mkononi.
Nililipima. Gramu mia nne, imeandikwa.
Nikalitia.
Halikuangukia makopo mengine kama zamani.
Liligonga sakafu ya kasha,
na mimi, ninayelipwa ili nijue nani anasikia nini,
niliisikia sauti ile mpaka ndani ya gari.