Daftari la Mwasho

Wiki ya sita. Pontu bado anajiramba nyayo
hadi manyoya meupe yamegeuka rangi ya kutu.
Nimeandika yote: kwapa jekundu, sikio linanuka hamira,
usiku kucha kwaru-kwaru ya kucha sakafuni.

Daktari Maarja alisema: sungura na viazi, basi,
wiki nane, hata tonge la kitu kingine lisipite.
Na akitoka nje umpanguse miguu; Aprili huku Võru
miti ya gome jeupe inamwaga chavua kama unga kinuni.

Nimempangusa. Nimempimia kwa gramu.
Nimelaumu miti, nimelaumu sabuni,
nimemlaumu hata paka wa jirani.

Jana nilirudi mapema kutoka dukani.
Endel, aliyeniuliza asubuhi mimi ni nani,
ameinama chini ya meza na kipande cha jibini:
“Kula, Pontu. Hawa watu hawakulishi.”

Nilishika kitasa. Sikusema neno.

Usiku nikafungua daftari, nikakata hesabu yote,
nikaandika: siku ya kwanza.
Kisha mfukoni mwa koti la Endel
nikajaza nyama ya sungura, vipande vikavu,
vidogo vidogo, vya kutosha kutwa nzima.