Moshi wa Zuurakan

Nilikuja kutafuta pasipo na kitu.
Ramani niliyoinunua sokoni Osh, ya zamani, ya Warusi,
imekunjwa hadi mikunjo imekuwa mito,
hapa ilionyesha weupe mtupu
na namba moja: 4137.
Nikasema, hapo. Hapo ndipo.

Kumbe weupe una mawe.
Una chumvi iliyoganda kandoni mwa ziwa
kama ukoko wa uji sufuriani,
una barabara ya matuta madogomadogo, meno ya msasa,
yaliyotusaga siku mbili mpaka springi ya nyuma
ikasema ka! na kukatika.

Ormonbek akashuka, akachungulia uvunguni,
akawasha sigara. Hakulitukana gari.
Kisha akaelekeza kidevu bondeni:
"Kwa Zuurakan."
Mimi sikuona nyumba. Niliona milima
imesimama bila mti hata mmoja wa kujisitiri,
kichwani theluji, miguuni mchanga,
na upepo, mwenye nyumba asiyejua kukaribisha.

Saa mbili kwa miguu. Hewa kule ni ya kukopa.
Hatua kumi, nasimama. Hatua nane.
Sita.
Moyo unabisha hodi mbavuni
kama mtu aliyesahau ufunguo ndani.

Tulimkuta anachimba.
Nilidhani viazi. Ilikuwa mizizi ya teresken,
kichaka kisichofika goti,
ambacho hunenepa, alisema, unene wa kidole
tangu mtoto azaliwe mpaka aoe.
Ndizo kuni zake. Hizo, na mavi makavu ya yaki.
"Kwenu mnachoma nini?"
Mkaa, nikajibu, na Ormonbek akatafsiri. Mkaa wa miti.
"Miti mikubwa?"
Nikanyoosha mikono, nikakumbatia hewa.
Akacheka mpaka akaikalia ndoo.
Halafu akaacha kucheka.
"Na mnaichoma?"

Chai yake ina chumvi, siagi inaelea juu.
Usiku pumzi zilinikimbia, nikaketi wima gizani,
naye akanipa punje ya kuruti, jibini ngumu kama kokoto,
niifyonze, na maneno ya kufyonza pamoja nayo,
ili niache kuhesabu kifua:
suu, maji.
Tash, jiwe.
Jel, upepo.
Tutun, moshi.
Asubuhi mlangoni akanionyesha weupe wangu, kipande kwa kipande:
bonde la ngamia aliyezama,
mlima wa mashavu mawili,
kijito cha bibi mvivu,
na lile jiwe, lile pale, alilozoea kukalia mumewe
akivua viatu, miaka ile alipokuwa na viatu vya kuvua.
Nilikunja ramani. Niliona haya kidogo.

Pesa alikataa. Akachana pakiti ya sigara,
akaandika namba ya mwanawe, Doolotbek,
anayebeba zege Yekaterinburg, mwaka wa sita huu.
Mtandao haushiki bondeni. Hushika kule juu,
kwenye shingo ya mlima.

Ormonbek aliifunga springi kwa waya na gogo la kitanda kibovu,
tukapanda taratibu kama wagonjwa.
Juu, pembe za kondoo wa porini zimerundikwa juu ya mawe,
na simu yangu ikapata vijiti viwili.

Mashine ilikuwa inanguruma upande wa pili.
Nikamwaga Kirusi changu chote:
Mama. Nzuri. Afya. Chai.
Kimya.
Nilidhani laini imekatika.
Kisha akauliza kitu kirefu, kwa lugha ya nyumbani kwao,
nami sikuambulia ila neno moja, la mwisho:
...tutun?

Nikageuka.
Bonde zima chini yangu, tupu kama kwenye ramani.
Upepo ulinijaza machozi. Nikatafuta jiwe la viatu,
nikatafuta mashavu mawili, nikashuka nayo kwa macho,
na pale: uzi.
Uzi wa kijivu, mwembamba kuliko mstari wa penseli,
ukapinda, ukakatika, ukajiunga tena.

"Tutun," nikamwambia.
"Tutun," akasema.
Hatukuwa na neno jingine,
wala hatukukata simu,
mpaka salio likaisha lenyewe.