Kilo Mia na Thelathini na Nne

Kiti kilivunjika kwenye ubatizo wa mjukuu wa Murmani.
Kiti cha plastiki, cheupe, hakikuwa na kosa.
Nikacheka wa kwanza, nikiwa bado chini,
kabla wao hawajapata nafasi.
Ndiyo hila yetu sisi wanene:
tunakiwahi kicheko mlangoni
kama mdaiwa anayemuwahi mdai kwa salamu.

Hapa Kutaisi mimi ni mkuu wa karamu.
Miaka ishirini na sita nasimama na pembe ya divai,
nawatakia heri walio hai, kisha wafu, kisha watakaozaliwa,
na kila dua ina tonge lake.
Kinyozi hajinyoi, sawa,
lakini nani atapokea baraka
za mkuu wa karamu aliyekonda?
Mchana naendesha basi. Usukani
umenichora tumboni mstari usiofutika.

Daktari alisoma darasa moja na binti yangu, Tsiala.
"Panda, mjomba Otari." Nikapanda.
Mshale ukakimbia kama aliyeona nyoka.
"Usiku unakula nini?"
"Kidogo."
Lile neno, kidogo,
ungeliweka peke yake kwenye mizani
mshale ungesimama palepale.

Sikumwambia habari za saa nane usiku,
mimi na jokofu, miguu mitupu kwenye sakafu,
mkate wa jibini wa jana umeganda kama kiatu,
naula nimesimama.
Anayekula amesimama hajala.
Hiyo ni sheria, nimeitunga mwenyewe.

Wala sikumwambia habari za baridi ile,
mwaka umeme ulipokatika na haukurudi,
foleni ya mkate ikaanza kabla ya jogoo,
watu wamejifunga mablanketi kama maiti waliokataa kuzikwa.
Nilikuwa na miaka ishirini na nne, mbavu zinahesabika.
Nikaleta nyumbani mkate mmoja.
Lamara akala, Tsiala akala,
Tsiala akatazama kipande changu.
"Nimeshiba," nikamwambia.

Nimesema uongo mwingi maishani,
kwa abiria, kwa padri, kwa mke,
lakini ule ndio uliokaa tumboni.

Sasa alfajiri tunapanda ngazi za kilimani, mimi na Murmani.
Yeye ana kisukari, mimi nina mizani.
Hatuzungumzi juu ya miili. Tunazungumza mpira,
bei ya petroli, mkwe wake asiyefaa.
Mbwa wawili wa mtaani hutusindikiza,
hutusubiri tukikaa, huona aibu kwa niaba yetu.
Kwenye ngazi ya arobaini na tatu mapafu yangu
hulia kama mlango wa basi.
Mwezi wa kwanza: mia na thelathini na moja.
Baada ya Pasaka: mia na thelathini na tatu.
Pasaka ni Pasaka.

Jana usiku nikafungua tena jokofu.
Nikautoa mkate, nikashika kisu,
na mara, sijui kwa nini, nikavuta kiti.
Cha mbao. Nikavuta na cha pili, upande wa pili wa meza.
Nikakata kipande kimoja, nikakiweka kwenye sahani,
sahani nzuri, ile ya wageni,
nikamwambia yule kijana wa foleni:
Keti, bwana. Kula. Upo mwingine kesho.
Kesho kutwa pia upo.
Nimehakikisha, duka liko hapo chini, linafunguliwa saa moja.

Hakujibu. Mbavu zake zilinitazama.
Tukala polepole, nikatafuna kila kipande
mpaka nikaonja chumvi, maziwa, hata moshi wa tanuri,
vitu ambavyo nikisimama huwa sivioni.
Kilichobaki nikakifunika kwa kitambaa.

"Unaongea na nani huko?" Lamara akaita kutoka chumbani.
"Na mtu mmoja mwembamba."
Kimya. Kitanda kikalia akigeuka.
"Basi akiondoka," akasema,
"mwambie azime taa."